Askari wa Kiatu Kimoja

Bibi aliingia dukani Jumatatu asubuhi na babu yake kwapani, kamviringisha kwa leso kuukuu, kampiga mafundo mawili. Alimlaza juu ya meza yetu ya kukatia vioo, akafungua fundo la kwanza, akapumua, akafungua la pili.

"Mwanangu," akaniambia, "nataka umvishe viatu."

Si bibi yangu wa damu. Ni jirani yetu wa Kibokoni, na mtaa mzima twamwita Bibi kwa sababu amewahi kutukanya sote, hata mjomba wangu mwenye duka, ambaye ana mvi. Duka letu ni la fremu. Twatia fremu aya, vyeti, picha za harusi, na siku moja tulitia fremu jino la papa kwa mtu ambaye hakutaka kueleza. Mimi niliacha shule kidato cha pili, mjomba akaniambia nije nimshikie gundi kwa muda. Muda wenyewe umeingia mwaka wa nne. Silalamiki. Pale mezani pamenipitia watu wengi walionyamaza nyuma ya kioo, nami huwapa maneno. Mjomba husema kitwa changu ni kama redio iliyokosa kitufe cha kuzimia.

Nikamfungua yule babu vizuri. Ilikuwa picha ya kale, ya rangi ya chai ya maziwa, imebandikwa kwenye kadibodi nene. Askari watatu wa vita vya Mjarumani, wale waliopigania Mwingereza, wamesimama safu moja wameshika bunduki. Wana kaptula, na vitambaa vimezungushwa miundini tangu gotini mpaka kwenye kifundo cha mguu. Chini ya hapo, miguu mitupu. Nyuma yao mpiga picha alitundika pazia lililochorwa ziwa, na ziwani mna batamaji mweupe, na nyuma ya batamaji pana mlima wenye theluji. Yaani watu waenda vitani, jasho lawatoka, na nyuma yao ndege wa Ulaya aogelea bila habari.

Askari wa kushoto na wa kulia wako wazi kabisa, ungedhani watakuitikia salamu. Wa katikati, babu yake Bibi, aligeuza kitwa. Kamera za siku zile zilikuwa nzito za kuona, mjomba alinieleza. Ilibidi mtu atulie kama anayenyolewa ndevu. Huyu hakutulia. Kutoka shingoni kwenda chini ni jiwe. Kutoka shingoni kwenda juu ni moshi.

"Bibi," nikasema, "uso wenyewe hauonekani, nawe washughulika na miguu?"

"Uso ni shauri ya Mungu," akanijibu. "Miguu ni shauri yetu."

Sababu yake ilikuwa hii. Kulikuwa na watu wanaotayarisha maonyesho ya picha za zamani za vita katika ukumbi mmoja pale Mji wa Kale, na walipita nyumba kwa nyumba wakiomba picha. Bibi alikubali haraka, kwa fahari. Baadaye akalala, akaamka, akawaza. Ukumbi mzima utamwona babu yake hana kiatu. Watasema kwao hakukuwa na kitu.

Babu mwenyewe, Bibi hakupata kumwona. Aliondoka mkewe akiwa na mimba ya baba yake Bibi, akaenda huko kwenye misitu ya Tanganyika, hakurudi, wala kaburi lake halijulikani liliko. Alichoacha ni hiyo karatasi. Tangu Bibi ni msichana, kila Ijumaa akimaliza kuswali alasiri huketi mbele yake, akamsomea Fatiha. "Sina mahali pengine pa kumkuta," akaniambia. "Wengine wana makaburi ya kwenda kufyeka majani. Mimi nafuta kioo."

Mjomba akamshauri apelekwe kwa vijana wa kompyuta, wanaweza kumvisha hata suti.

"Huko watanipa kivuli chake," akasema Bibi. "Nataka yeye. Mkono wa mtoto huyu ni mwepesi. Wakati wa harusi ya mjukuu wangu alinichora piko hapa mkononi, sikuhisi kitu."

Nilisifiwa, nikapumbaa, nikakubali.

Tatizo la kwanza lilikuwa kwamba sikujua viatu vya askari wa siku zile vilikuwaje. Nikaenda Ngomeni, kwa sababu nilikumbuka tangu shule kwamba walinzi wa Kireno walichora ukutani, walipochoshwa na zamu. Ni kweli walichora, jahazi juu ya jahazi, milingoti mpaka basi, lakini mtu wao hata mmoja hakunifaa. Miguu yao ni vijiti viwili, kana kwamba mchoraji aliitwa kwenda kula. Nikawaonea huruma. Watu walivuka bahari zote zile, wakashika ngome, na hawajui kuchora kiatu.

Nikaishia kwa soja wa benki moja karibu na soko, ambaye ana buti nyeusi za kamba. Nikamwomba aweke mguu juu ya kigoda nimchore.

"Mguu tu?" akauliza.

"Mguu tu, kaka yangu."

Akakaza kifua kwa nusu saa, na siku ya pili akanitumia salamu kupitia muuza kahawa, ananiuliza kwetu ni wapi. Mpaka leo nikipita hapo huweka mguu mmoja mbele.

Nilifanya kazi siku tatu. Kwanza kwa penseli, kisha rangi ya maji, brashi nyembamba kama unyusi. Nilimpa buti mbili za haki, kamba zimepita tundu kwa tundu, na kwenye ncha nikatia nukta nyeupe ili zing'ae. Hapo ndipo nilipokosea, sasa najua. Wenzake wawili walibaki miguu mitupu na vumbi lao, na yeye katikati, hana uso, ana viatu vinavyong'aa kama vya bwana harusi. Lakini siku ile niliona nimeumba. Nikaiweka picha karibu na mlango ikauke.

Alhamisi akaingia mzee mmoja kutoka Tononoka. Alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa bara, kastaafu zamani na kabaki hapa hapa; alileta cheti cha mjukuu wake cha ubatizo kitiwe fremu. Akatusalimu vizuri, akavua kofia, akageuka kutafuta pa kuitundika. Akasimama.

"Huyu babu yangu," akasema polepole, "anafanya nini na viatu?"

Mjomba akacheka, akidhani ni mzaha. Mzee hakucheka.

"Batamaji huyo. Mlima huo. Watatu, wa katikati kichwa kimeyeyuka. Kwetu tulikuwa nayo hii, mchwa wakaila nikiwa darasa la pili. Baba yangu alinichapa kwa sababu ya mchwa." Akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. "Alikuwa hana viatu. Kwanza, miguu ndiyo alama yake! Mguu wa kulia, kidole cha mwisho kimempanda mwenzake. Baba alisema, huyu uso hana, lakini mtamjua kwa kidole."

Mjomba akanitazama. Nami nikatazama ndizi zilizotundikwa duka la mkabala.

"Ni babu wa Bibi mmoja wa hapa," mjomba akasema. "Labda wako ni mmoja wa hawa wa pembeni."

"Wa pembeni wana nyuso. Wangu aligeuka."

"Kwa nini aligeuka?" nikauliza. Sikuweza kujizuia.

"Kuku alikatiza mbele ya kamera. Kuku wa mpiga picha."

Sasa, kuku huyo aliniumiza, kwa sababu mtaa wote wajua kwamba babu yake Bibi aligeuka aliposikia adhana. Nilitumwa kumwita Bibi. Nikaenda mwendo wa kinyonga, na bado nikafika.

Bibi alikuja na buibui lake la kutokea na leso ile ile mkononi. Mzee akasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe usemaye babu yangu aligeukia kuku?"

"Mama, sikusudii ubaya."

"Mtu aenda vitani, ageukie kuku! Aligeukia adhana."

"Labda kuku na adhana vilikuja pamoja," akasema mjomba, ambaye hupenda amani, na wote wawili wakamwambia anyamaze.

Mzee akaomba ruhusa, akaketi kwenye kigoda, akavua kiatu na soksi ya kulia. Sijawahi kuona mtu mzima akivua soksi kwa heshima kiasi kile. Na kweli, kidole chake cha mwisho kilikuwa kimempanda mwenzake mgongoni, kama mtoto aliyebebwa. "Baba alikuwa nacho," akasema. "Mimi ninacho. Mwanangu wa pili anacho, na hawezi kuvaa viatu vyembamba."

Bibi akatoa mguu kwenye kubadhi. Vidole vyake vilikuwa vimenyooka, vimepangika kama misumari ya dukani. Akavitazama muda mrefu kana kwamba vimemsaliti.

Hapo ndipo wote wanne tulipoelewa jambo liko wapi. Chini ya buti ya kulia palikuwa na jibu. Kidole kikiwa kimepanda, yule ni wa Tononoka, na Bibi amesomea Fatiha babu wa mtu mwingine maisha yake yote, na wake hana hata karatasi.

"Wewe uliiona miguu kabla ya kupaka," Bibi akaniambia. "Kilikuwapo?"

Nikafumba macho nikumbuke. Nilikuwa nimeitazama miguu ile siku tatu kwa karibu kuliko mtu yeyote duniani, na sikuwa nimeiona. Niliitazama kama mtu atazamavyo doa, kujua litazibwa vipi.

"Sikumbuki, Bibi. Wallahi sikumbuki."

"Hukuipiga picha kwa simu?" akauliza mjomba, na kweli niliipiga! Nikaitoa simu, nikaifungua mbele yao. Picha ilikuwapo: askari watatu, ziwa, batamaji, na mbele yao mimi, natabasamu meno yote, nimeinua vidole viwili. Shavu langu limekaa juu ya miguu ya katikati. Hata kucha haionekani.

"Una shavu kubwa," akasema Mzee kwa huzuni.

Basi ikabaki kusafisha. Mjomba alinifunza zamani kwamba picha za kale hazitaki maji ya bomba, maji huziinua ngozi. Zataka mate. Pamba kidogo kwenye kijiti, mate, unapitisha taratibu, unatupa, pamba nyingine. Kazi rahisi ukiwa peke yako. Lakini mbele ya watu wazima watatu, na babu wa mmoja wao chini ya mkono wako, mdomo hukauka kama chokaa. Nikajaribu kutema, ikaja pumzi tu.

"Mpe ukwaju," akasema Bibi.

"Ukwaju una rangi," akasema mjomba. "Limau."

"Limau na chumvi," akasema Mzee. "Relini tulikuwa tunalamba hivyo wakati wa joto."

Likakatwa limau. Nikaambiwa nisililambe, nilitazame tu, kwanza. Wakakaa wote watatu wakinitazama ninavyotazama limau. Mate yakaja.

Nikaanza na mguu wa kushoto, kwa sababu mjomba alisema tuanze na usio na kesi. Rangi nyeusi ikatoka kidogo kidogo. Ikaondoka nukta yangu nyeupe niliyojivunia. Zikaondoka kamba. Kisha likatokea vumbi, vumbi la kweli la siku ile, na kidole gumba, na vingine vinne vimeshika ardhi kwa nguvu kama vinaogopa kuteleza. Kucha moja imevunjika. Kisiginoni pana ufa, mweusi, mrefu. Uso wake ulikuwa moshi, lakini mguu ule ulikuwa wazi kiasi cha kuhesabu mikunjo.

Bibi akavaa miwani. Miaka yote hiyo alikuwa akimwona nyuma ya kioo chenye madoa ya chumvi ya bahari, na kwa mbali, ukutani.

"Kumbe alikuwa na miguu ya mtu," akasema.

Akainama zaidi.

"Huu ufa. Watia uchungu huu. Kenda ndia yote ile mpaka vitani na ufa huu." Akagusa meza, karibu na picha, hakuigusa picha. "Nami nikaona haya. Nikamletea mtoto amzibe."

Nikataka kulia, lakini nikaogopa kuharibu mate. Nikachukua pamba mpya kwa mguu wa kulia.

"Safisha," Bibi akaniambia. Sauti yake ilikuwa nyepesi. "Akiwa wake, ampeleke kwao. Naomba tu kesho ni Ijumaa, aniache nimsomee ya mwisho, ndipo achukuliwe."

Kisha akaichukua ile leso aliyokuja nayo, akaiviringisha, na bila kujitambua akaanza kuifunga, fundo la kwanza, fundo la pili. Ndani hamna kitu. Alikuwa akifunga hewa.

Mzee aliitazama mikono yake mpaka fundo la pili likakaza.

"Binti," akaniambia, "weka pamba chini."

"Mzee, si ndio ushahidi wako huo," mjomba akasema.

"Ushahidi ninao mguuni, natembea nao. Nikivaa soksi nani ananiuliza?" Akaanza kuivaa. "Mwache na kiatu hicho. Amekizoea."

Bibi akamgeukia kwa ukali, kwa maana yeye hapendi kuhurumiwa. "Waniachia kwa nini? Nimekuomba?"

"Hukuniomba, mama. Lakini mimi babu yangu sikumwombea hata siku moja. Tulimlaumu mchwa, basi. Wewe umekaa naye kila Ijumaa. Kama ni wangu, umenifanyia kazi yangu."

"Na akiwa wangu?"

"Nimepata pa kunywa kahawa."

Bibi akaitia leso yake kwapani. Kisha akasema, "Kahawa yangu haina sukari. Halua utajiletea," na hapo mjomba akaanza kukata kioo, kwa kelele, kazi ambayo haikuwa na haraka yoyote.

Maonyesho yalifika. Picha ikatundikwa ukumbini kama ilivyokuwa: askari wa kushoto miguu mitupu, wa kulia miguu mitupu, na wa katikati mguu mmoja mtupu, mmoja una buti ya soja wa benki. Watayarishaji waliniomba niandike maelezo ya chini. Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: *Askari watatu. Wa katikati ana jamaa Kibokoni na Tononoka.* Wakaniuliza kama hayo ndiyo yote. Nikasema ndiyo yote tunayoyajua.

Watu walipita haraka mbele ya picha nyingine, za maafisa juu ya farasi na mizinga na bendera. Mbele ya yetu walikwama. Kijana mmoja anayetembeza wageni Mji wa Kale alifika na kundi lake, akaitazama picha, na sikuona hata akivuta pumzi ya kufikiri.

"Hawa," akawaambia, "Mwingereza alibana matumizi. Kila askari alipewa kiatu kimoja. Cha pili ni mpaka ashinde vita."

Wageni wakasikitika kwa pamoja. Mmoja akaandika kwenye daftari. Nikainua mkono niseme, na Bibi, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kando yangu, akanifinya pajani.

"Wacha."

"Bibi, ni uongo!"

"Najua ni uongo. Lakini tazama wanatazama wapi."

Nikatazama. Wageni wote walikuwa wameinama. Hakuna aliyetazama bunduki, wala batamaji. Walikuwa wakitazama mguu wa kushoto, ule ufa, ile kucha. Mama mmoja alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Hata hivyo dhamiri yangu haikutulia. Nikamfuata yule kijana mlangoni, nikamwambia kwa adabu kwamba kile kiatu nilikipaka mimi, kwa rangi ya maji, na nilimchora soja wa benki. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akawatafsiria wageni, nao wakacheka, wakaniomba nisimame nao kwenye picha. Nilisimama. Safari hii nililipeleka shavu upande mwingine.

Niliporudi ndani, Mzee alikuwa amefika na boksi la halua, kaketi kiti cha pili. Mwanamke mmoja mgeni alikuwa amewainamia, anawauliza kwa Kiswahili cha kitabuni kwa nini mheshimiwa huyu hana uso.

"Adhana," akasema Bibi.

"Kuku," akasema Mzee.

Mgeni akasubiri wamalize. Nilipotoka kwenda kufungua duka walikuwa bado hawajamaliza, na halua ilikuwa imefika nusu.